Mbio Zikiisha, Kazi Inaanza: Mfano wa Filbert na Anna Bayi

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa kamati za parokia kutoka Kibaha na Kisarawe waliokutana Magindu)



Tumeombwa tuzungumzie nafasi ya michezo katika kazi za maendeleo. Tunajua kwamba baadhi yenu mlipoona mada hii kwenye ratiba mlijiuliza: tuna visima vya kukarabati, tuna madarasa yasiyo na madawati, tuna zahanati iliyo mbali, sasa michezo inaingiaje? Swali hilo ni la haki, na tutalijibu kwa vitendo vya watu kuliko kwa maneno. Tumechagua kueleza maisha ya wanandoa wawili wanaofahamika nchini, ambao sehemu ya kazi yao iko hapa hapa mkoani Pwani, kando ya barabara ya Morogoro: Mzee Filbert Bayi na mkewe, Mama Anna Bayi.

Kwa nini tunazungumza sasa

Liko jambo linalotubana. Wilaya ya Kibaha inabadilika haraka. Reli ya kisasa ilianza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, na bandari kavu ya Kwala iko jirani zetu. Watu wanatafuta viwanja. Maeneo ya wazi ambayo zamani hakuna aliyeyauliza, leo yana wateja. Katika kamati zetu hoja mbili zinashindana. Wapo wanaosema eneo la wazi liuzwe au lijengwe vibanda vya biashara ili parokia ipate kipato. Wapo wanaosema libaki uwanja wa watoto na vijana. Pande zote mbili zina nia njema. Ila ardhi ikishauzwa hairudi, kwa hiyo ni vema tukaamua tukiwa tumefikiri.

Mbio zilizoipa nchi jina

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953. Alikuwa askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, na humo jeshini alipata nafasi ya kufanya mazoezi. Mwaka 1973 alikwenda Lagos kwenye Michezo ya Afrika akashinda meta 1,500, akimwacha nyuma Kipchoge Keino wa Kenya, ambaye wakati huo alikuwa jina kubwa kuliko yote katika mbio hizo barani kwetu.

Mwaka uliofuata, tarehe 2 Februari 1974, alisimama kwenye mstari huko Christchurch, Nyuzilandi, katika fainali ya meta 1,500 ya Michezo ya Jumuiya ya Madola. Wakimbiaji wengi wa mbio hizo hupenda kujificha nyuma ya wenzao, wakisubiri mzunguko wa mwisho. Bayi alitoka mbele tangu mwanzo na hakurudi nyuma. John Walker, kijana wa nchi mwenyeji, alimfukuza mpaka mwisho bila kumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya dunia. Walker, aliyekuwa wa pili, naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani ya Mmarekani Jim Ryun iliyodumu tangu 1967. Wa tatu alikuwa jirani yetu Ben Jipcho wa Kenya. Tarehe 17 Mei 1975, huko Kingston, Jamaika, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja kwa dakika 3 na sekunde 51.0.

Ndugu wajumbe, tuelewe mazingira ya wakati ule. Sheria za riadha za miaka ya 1970 zilikuwa za ridhaa. Mkimbiaji hakuruhusiwa kulipwa kama anavyolipwa leo. Hakuna aliyerudi na hundi ya kujengea nyumba. Aliyeweka rekodi ya dunia alirudi na medali, heshima, na kazi yake ya jeshi ikimsubiri. Tunalisema hili kwa sababu vijana wetu wengi leo wanafikiri michezo ni njia ya mkato ya kupata fedha. Kwa kizazi kile, kilichobaki mkononi baada ya mbio kilikuwa jina, nidhamu na maarifa. Mtu aliweza kuvitumia vitatu hivyo, au kuviacha vioze.

Mwaka 1976 na bei ya uamuzi

Mwaka 1976 dunia ilisubiri Bayi na Walker wakutane tena kwenye Michezo ya Olimpiki ya Montreal, Kanada. Hawakukutana. Timu ya raga ya Nyuzilandi ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, na zaidi ya nchi 20 za Afrika, Tanzania ikiwamo, zilisusia michezo hiyo. Walker alishinda dhahabu ya meta 1,500 bila mpinzani wake mkubwa kuwepo.

Msimamo dhidi ya ubaguzi ulikuwa wa haki, na historia imeuthibitisha. Hata hivyo tuone pia upande wa pili. Gharama ya msimamo ule ililipwa na vijana waliokuwa wamejiandaa kwa miaka minne. Ndivyo uongozi ulivyo. Viongozi wanaamua mezani, na anayebeba mzigo mara nyingi ni mtu ambaye hakuwa mezani. Kamati inapoamua juu ya uwanja, anayeguswa ni mtoto wa miaka kumi ambaye hana kura katika kikao. Kamati iliyokomaa humkumbuka kabla ya kupiga kura.

Miaka minne baadaye, kwenye Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, Bayi alishindana katika meta 3,000 za kuruka vizuizi na maji. Katika mbio hizo mkimbiaji huruka vizuizi 28 na dimbwi la maji mara 7. Alifanya kama kawaida yake, akatoka mbele na kuwaacha wenzake mbali. Katika mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Polandi alimkamata. Bayi alipata medali ya fedha kwa dakika 8 na sekunde 12.48. Katika michezo hiyo hiyo Suleiman Nyambui alipata fedha katika meta 5,000. Medali hizo mbili za 1980 ndizo pekee ambazo Tanzania imewahi kupata katika Olimpiki, hata baada ya Michezo ya Paris ya 2024.

Hapa tujiulize kama watu wa maendeleo. Nchi iliyopata medali mbili katika mashindano mamoja imekaaje zaidi ya miaka 40 bila nyingine? Vipaji havikwisha. Watoto wa Karatu, Mbulu, Singida na hata wa hapa Magindu bado wanatembea mwendo mrefu kwenda shule, na miguu yao ni ile ile. Kinachotakiwa ni mtu wa kumwona mtoto mapema, mahali pa kufanyia mazoezi, mwalimu anayejua, na chama kinachoendeshwa kwa utaratibu. Mambo hayo manne yanajengwa na viongozi, na viongozi wanaanzia kwenye kamati ndogo kama zenu.

Kazi baada ya medali

Wanariadha wengi wakistaafu husahaulika. Wengine huishi kwa kusimulia ya zamani. Filbert Bayi alikwenda kusoma chuo kikuu Marekani, huko El Paso, Texas, kama alivyofanya pia Nyambui. Baadaye aliingia katika uongozi wa michezo, na kwa miaka mingi kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000 alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania.

Kazi ya katibu mkuu, kama makatibu wa kamati hapa wanavyojua, haina makofi. Ni barua, mihtasari, ratiba, majina ya wachezaji yanayotakiwa kufika kwa tarehe, hati za kusafiria, taarifa za fedha. Mtu aliyezoea kushangiliwa na uwanja mzima anakaa ofisini kuhakikisha kijana mwingine anapanda ndege. Kukimbia mbele na kuandika muhtasari ni vipaji viwili tofauti, na ni wachache wanaokubali kujifunza cha pili baada ya kusifiwa kwa cha kwanza.

Wanandoa hawa hawakuishia kwenye vyama. Walianzisha shule. Shule za Filbert Bayi zilianzia Kimara, Dar es Salaam, kwa watoto wadogo wa awali na msingi. Kisha wakafuata barabara ya Morogoro hadi Mkuza, Kibaha, wakajenga sekondari. Wakaanzisha pia taasisi yenye jina la Filbert Bayi, yenye lengo la kuwasaidia vijana kupitia michezo na elimu.

Tunaomba mlitazame jambo hilo kwa makini. Mkimbiaji aliyewahi kushika rekodi mbili za dunia angeweza kujenga kambi ya mazoezi peke yake. Wao walijenga madarasa, na michezo ikawekwa ndani ya shule. Maana yake ni kwamba mtoto asiyeshinda mbio bado anatoka na cheti, na mtoto mwenye kipaji hapotezi masomo kwa ajili ya kipaji. Kwa wahisani wetu wanaouliza kama fedha ya michezo inapotea, jibu letu ni hili: inapotea pale michezo inapotengwa na shule. Ikiunganishwa na shule, hata asiyepata medali ana alichopata.

Kibaha ina historia ya kazi ya namna hiyo. Mwaka 1963 nchi za Skandinavia na Finland zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha mradi wa elimu, afya na kilimo pale Kibaha, na mwaka 1970 mradi huo ukakabidhiwa kwa Serikali ukawa Shirika la Elimu Kibaha. Wahisani waliondoka, shule na hospitali zikabaki. Hicho ndicho kipimo cha mradi: nini kinabaki mfadhili akiondoka?

Mama Anna na netiboli

Jina la Filbert linajulikana zaidi kwa sababu ya rekodi. Lakini tukimsimulia yeye peke yake tutakuwa tumesimulia nusu. Mama Anna Bayi amekuwa kiongozi wa michezo kwa haki yake mwenyewe. Aliongoza Chama cha Netiboli Tanzania, CHANETA, akiwa mwenyekiti. Nyumba moja ikawa na watu wawili wanaobeba mizigo miwili tofauti ya michezo ya taifa, mmoja upande wa Olimpiki na mwingine upande wa mchezo wa wanawake, na shule ikiwa kazi yao ya pamoja.

Tunaomba kamati zetu zijifunze kutoka netiboli kwa sababu ya hesabu zake. Uwanja wa mpira wa miguu wa kimataifa una meta 105 kwa 68, yaani zaidi ya meta za mraba 7,000. Uwanja wa netiboli una meta 30.5 kwa 15.25, yaani kama meta za mraba 465. Ndani ya uwanja mmoja wa mpira wa miguu unaweza kupata eneo la viwanja kama 15 vya netiboli. Nguzo mbili zenye pete iliyo juu meta 3.05 kutoka ardhini, mpira mmoja, chokaa au majivu ya kuchorea mistari, basi. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza pete hizo kwa siku moja.

Tena mchezo wenyewe unafundisha. Kila upande una wachezaji 7, na kila mmoja ana eneo lake ambalo haruhusiwi kulivuka. Mwenye mpira haruhusiwi kukimbia nao, na lazima autoe ndani ya sekunde 3. Hakuna anayeweza kufunga peke yake kutoka upande mmoja hadi mwingine. Asiyemwamini mwenzake anapoteza mpira. Ni shule nzuri ya uongozi kuliko semina nyingi tulizohudhuria.

Katika vijiji vyetu, jioni ya mvulana na jioni ya msichana si sawa. Mvulana akirudi shule anatafuta mpira. Msichana anatafuta ndoo. Tukisema tumejenga uwanja wa vijana, tuulize ni vijana gani waliopo pale saa 11 jioni. Kama ni wavulana tu, hatujajenga uwanja wa vijana bado. Ndiyo maana tunapendekeza popote patakapotengwa uwanja, netiboli iwe na sehemu yake tangu siku ya kwanza, na kisima kikiwa karibu ni bora zaidi, kwa sababu saa moja inayookolewa kwenye maji ndiyo saa ya kucheza. Mnaona sasa kwamba visima na michezo havigombani.

Tunajifunza nini

Kwanza, uongozi wa michezo unabadilika kadiri umri unavyokwenda. Mchezaji, askari, mwanafunzi, katibu, mwalimu, mwenyekiti, mwenye shule: maisha haya mawili yamepita karibu kote huko. Tusimtupe mzee wa mpira kijijini kwa sababu magoti yamechoka. Anaweza kuwa mwamuzi, mtunza vifaa, au mshauri.

Pili, ndoa inaweza kuwa nguzo ya kazi ya jamii. Katika kamati nyingi mume ni mwenyekiti na mke anapika chai ya kikao. Wanandoa hawa wanatuonyesha utaratibu mwingine, kila mmoja na ofisi yake na heshima yake.

Tatu, jina zuri ni mtaji. Anayelo alitumie kwa ajili ya wengine akiwa bado na nguvu.

Mapendekezo kwa kamati

Ili tusiishie kusifu watu wa mbali, tunapendekeza yafuatayo:

1. Kila kamati iorodheshe maeneo ya wazi yaliyo chini yake au jirani yake kabla ya kikao kijacho, na isiuze lolote hadi orodha ijadiliwe.

2. Pale ardhi ni ya kijiji, tufuate Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji ipeleke suala kwenye mkutano mkuu wa kijiji, uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, na mipaka ioneshwe kwa alama zinazoonekana. Uwanja usio na maandishi ni shamba la mtu wa kesho.

3. Wafugaji washirikishwe. Magindu ina wakulima na wafugaji, na uwanja uliokatiza njia ya mifugo utaleta ugomvi kila kiangazi.

4. Kamati ndogo ya michezo iwe na wanawake na wanaume kwa idadi sawa, na mwalimu mmoja wa shule ya karibu. Mazoezi ya watoto yasimamiwe na watu wazima wawili wanaoaminika, na ya wasichana awepo mwanamke siku zote.

5. Timu zisajiliwe. Afisa michezo wa wilaya ataelekeza utaratibu. Timu iliyosajiliwa inaweza kuomba msaada, isiyosajiliwa inabaki kikundi cha marafiki.

6. Fedha iandikwe, hata ya mpira mmoja. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

7. Wananchi wachangie nguvu kazi: kufyeka, kusawazisha, kupanda miti ya kivuli. Mhisani aombwe kile ambacho kijiji hakiwezi, na kwa uwanja wa netiboli hicho ni kidogo sana.

Neno kwa wahisani

Kwenu wahisani wetu, tunawaomba mtusaidie kwa subira. Uwanja hautoi taarifa nzuri baada ya miezi mitatu. Mtoto anayeanza kucheza mwaka huu atakuwa kiongozi wa timu baada ya miaka kumi, na labda mjumbe wa kamati hii baada ya ishirini. Tukiwaletea idadi ya mipira iliyonunuliwa, tuulizeni pia ni wasichana wangapi wanaocheza, wangapi bado wako shuleni, na nani anashika ufunguo wa stoo. Maswali hayo yatatusaidia kuliko pongezi.

Hitimisho

Ndugu wajumbe, rekodi ya Christchurch ilivunjwa mwaka 1979 na Sebastian Coe wa Uingereza. Ile ya Kingston haikumaliza hata miezi mitatu kabla John Walker hajaivunja, Agosti 1975. Rekodi zote zinavunjwa. Madarasa ya Kimara na Mkuza yalijengwa baada ya rekodi zote mbili kupita.

Hatuwaahidi kwamba Magindu itatoa bingwa wa dunia. Tunachosema ni kwamba uamuzi ulio mbele yenu unahusu ardhi ambayo watoto hawawezi kuinunua tena wakikua. Rudini kwenye vigango vyenu, kaeni na orodha, waiteni kina mama na walimu, mkaamue. Sisi tutakuja tukiitwa, na tutakuja na futi ya kupimia.